Mtoto Anayenawa Mpaka Mikono Inapasuka: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye OCD

Moshi tunajisifu kwa usafi. Ukidondosha ganda la ndizi pale stendi, kuna mtu atakukazia macho mpaka uliokote. Kwa hiyo binti yangu alipoanza kunawa mikono kila wakati, mwaka 2020, akiwa darasa la tatu, hakuna aliyeshtuka. Mwaka ule kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Majirani walimsifu, na mimi nikamsifu. Shule zikafunguliwa mwishoni mwa Juni, wenzake wakalegeza, yeye akazidisha. Kufikia Desemba alikuwa anamaliza ndoo ya lita ishirini kabla ya chai ya asubuhi, vidole vimepasuka vinatoa damu, na bado analilia sabuni.

Mimi ni mama, si daktari. Niliyoandika hapa nimefundishwa na wataalamu waliomtibu, na mengine nimejifunza kwa kukosea. Kosa letu kubwa nalitaja mapema ili usilirudie: tulimfariji kwa namna iliyoulisha ugonjwa. Karibu kila hatua hapa chini inahusu kuacha kuulisha.

Ugonjwa wenyewe ni nini

OCD, kifupi cha Kiingereza cha obsessive-compulsive disorder, ina pande mbili. Kuna wazo, picha au hisia inayomvamia mtoto bila kuitwa na inayokataa kuondoka: mikono ina vijidudu, nyumba itaungua, mama atakufa, nitamchoma mdogo wangu kisu. Halafu kuna kitendo anachoona lazima akifanye ili roho itulie: kunawa, kurudi kuangalia komeo, kugusa mlango mara nne, kuuliza swali lile lile. Roho inatulia kwa dakika chache, kisha wazo linarudi lina nguvu zaidi. Kiswahili kilishalijua jambo hili siku nyingi. Neno "wasiwasi" limetoka kwenye Kiarabu, na Waislamu mpaka leo wanalitumia kwa mtu anayerudia udhu kwa kuwa haamini kama maji yalifika kiwikoni.

Makadirio ya kawaida ni mtoto mmoja mpaka watatu katika kila mia. Shule yenye wanafunzi 800 haikosi wanane. Wengi huanza kati ya miaka saba na kumi na miwili, wakati ambao sisi wazazi tunasema "anakua tu, yatapita."

Wapo wasionawa kabisa, na hao ndio wanaochelewa kugundulika. Mmoja anafuta herufi mpaka daftari linatoboka. Mwingine hapiti mlangoni mpaka ahesabu. Mwingine anarudia Baba Yetu kichwani tangu mwanzo kila akikosea neno, na mwalimu akimwangalia anaona mtoto aliyezubaa, mvivu. Yupo pia anayekuja kuungama kila kitu: "Mama, nimewaza tusi. Mama, nimewaza ufe."

Kwa huyo anayewaza kudhuru, tafadhali soma taratibu. Mtoto mwenye OCD anayepata picha ya kumchoma mdogo wake kisu analiogopa wazo hilo kuliko unavyoliogopa wewe. Ndiyo maana anakimbia jikoni ukianza kukata nyama. Hakupanga kitu na hatamani kitu. Ukimtenga na mdogo wake, au ukaficha visu vyote, unamthibitishia kwamba yeye kweli ni mtu wa hatari.

Hatua ya kwanza: andika kabla hujasema lolote

Nunua daftari dogo. Kwa wiki moja usimhoji, mwangalie tu. Andika saa, alichofanya, kilichotangulia, dakika alizotumia, kisha andika wewe ulifanya nini. Hilo la mwisho wengi wanaliruka, na ndilo la maana kuliko yote. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Saa 12:10 asubuhi, amenawa dakika 14. Baba yake amegonga mlango. Nimempa taulo jingine. Saa 12:40 ameuliza kama maji ya uji yalichemka. Nimesema ndiyo. Ameuliza tena. Nimesema ndiyo. Mara tisa."

Kipimo ambacho wataalamu wanakitazama ni muda na madhara: mambo haya yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakimtesa, au yakimzuia kula, kulala, kusoma na kucheza, mpeleke hospitali. Mtoto wa miaka minne anayetaka kikombe chake cha bluu kila siku si mgonjwa. Huyo anafurahia kikombe chake. Mwenye OCD hafurahii kitu; mtazame usoni wakati ananawa, utaona hofu.

Hatua ya pili: kliniki

Kwa Moshi, anzia Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Kwa Arusha, Mount Meru. Ulizia siku za kliniki ya afya ya akili kabla hujapanda daladala, ili usimpotezee mtoto siku ya shule bure. KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda, kwa hiyo beba barua ya rufaa. Ndugu wakisikia "afya ya akili" wanaiwaza Mirembe kule Dodoma, na mama mkwe wangu alilia kana kwamba mjukuu wake anapelekwa huko siku ile ile. Nilimweleza: tunakwenda kuongea na daktari, tukitoka tunapitia sokoni Mbuyuni kununua ndizi, tunarudi nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha OCD. Daktari anaitambua kwa mazungumzo. Kuna orodha ya maswali kumi inayotumika kwa watoto, yenye alama 0 mpaka 40, na kuanzia 16 hivi ugonjwa unahesabiwa kuwa wa kiasi cha kati kwenda juu. Daftari lako hapo lina thamani kubwa, kwa sababu mtoto mbele ya mgeni atasema "sina shida." Mueleze daktari pia kama kuna kukonyeza macho au kutikisa shingo asikoweza kukuzuia, kama hali ilianza ghafla, na kama kwenye ukoo kuna mtu wa namna hii. Mimi nilipoulizwa nilimkumbuka shangazi yangu wa Kibosho aliyekuwa anarudi mara tano kukagua kama moto wa kuni umezimika. Tulikuwa tunamcheka.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda tuliambiwa anadeka, mkanyeni. Nikakaa miezi minne zaidi. Aliyetufungua macho ni daktari wa ngozi, ambaye kabla ya kuandika dawa ya mikono aliuliza, "Ananawa mara ngapi kwa siku, na asiponawa inakuwaje?" Ukiambiwa mkanye, shukuru, toka, tafuta mwingine.

Viboko viache kabisa. Mara nyingi mtoto huyu anajua kwamba anachofanya hakina maana na anaona aibu. Ukimchapa, unaongeza hofu kwenye ugonjwa unaokula hofu.

Hatua ya tatu: upe ugonjwa jina

Mtaalamu wetu alimwomba binti yangu auchagulie ugonjwa jina lake mwenyewe, ili ajue kwamba yeye ni mtu na ugonjwa ni kitu kingine. Akachagua Kunguru, kwa ajili ya kunguru wanaokwaruza mabati yetu alfajiri wakipiga kelele bila sababu. Bibi yake aliposikia akasema, "Kunguru hafugiki." Nikamwambia, mama, sisi tumekuwa tunamfuga, kila akilia tunamtupia kipande cha ugali.

Mueleze mtoto kwa maneno mafupi: ubongo wako una king'ora cha hatari kama cha mtu mwingine yeyote, ila chako kinalia hata pasipo na mwizi. Si kosa lako, hujarogwa, huna dhambi. Kazi yetu ni kukiacha kilie bila kukikimbilia.

Hatua ya nne: acha kumlisha Kunguru

Rudi kwenye daftari, usome zile sehemu za "mimi nilifanya nini." Sisi tulikuta haya. Nilimnunulia sabuni yake peke yake. Nilimfungulia milango ili asishike vitasa. Baba yake alikuwa anabadilisha nguo getini akitoka kazini. Mdogo wake alikatazwa kukaa kwenye kitanda cha dada. Na mimi nilikuwa nikijibu maswali zaidi ya hamsini kwa siku: "Ni safi? Una uhakika? Sitakufa?" Kila jibu lilikuwa la upendo, na kila jibu lilimfundisha kwamba bila jibu langu hawezi kuvumilia.

Usiache yote siku moja, huo ni ukatili. Chagua jambo moja. Mwambie mapema, wakati ametulia, si katikati ya kilio: "Mwanangu, kuanzia Jumatatu swali la maji nitalijibu mara moja tu. Likija mara ya pili nitakwambia hilo ni la Kunguru." Kisha ushike neno lako, na baba ashike, na bibi ashike. Nyumba ikigawanyika, mtoto ataenda kwa yule anayejibu. Sisi bibi ndiye alikuwa mlango wa nyuma, tukalazimika kumleta kliniki akasikie mwenyewe kwa daktari.

Maneno yaliyotusaidia: "Naona una hofu. Najua unaweza kukaa nayo. Niko hapa." Hayo basi. Usiongeze "hakuna vijidudu," kwa kuwa hiyo ni jibu. Usibishane na wazo, utashindwa, lina maswali kuliko wewe.

Siku za mwanzo hali itachafuka. Atalia, atakutukana, huenda akapiga mlango teke. Kunguru aliyezoea kutupiwa akinyimwa, anapiga kelele zaidi kabla hajaruka. Wiki ile ya kwanza nililala nikiamini mimi ni mama mbaya. Wiki ya tatu swali la maji lilishuka likawa mara mbili kwa siku.

Kama mtoto wako anakataa kwenda kliniki, hatua hii bado unaiweza. Upo mpango ulioandaliwa na Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambao wanaofundishwa ni wazazi tu. Mtoto hahitajiki kuhudhuria hata kikao kimoja.

Hatua ya tano: ngazi

Hii ndiyo tiba yenyewe. Mtoto anakikabili anachokiogopa, kidogo kidogo, kisha hafanyi kile kitendo cha kujituliza. Mizizi yake iko London, mwaka 1966, Victor Meyer alipochapisha taarifa ya wagonjwa wawili aliowatibu kwa kuwazuia wasifanye vitendo vyao. Mpaka leo hakuna njia ya mazungumzo iliyothibitika kuliko hii kwa OCD. Ni vizuri ianzishwe na mtaalamu, lakini kwetu kikao kilikuwa saa moja kila baada ya wiki mbili tatu, na kazi kubwa inabaki nyumbani kwako.

Kaeni pamoja, mtoto ataje vitu anavyoviogopa na kila kimoja akipe alama, 0 mpaka 10. Ngazi ya binti yangu ilianzia kushika kitasa cha chumba chake na kukaa bila kunawa, alama 2. Geti la nje lilikuwa 4. Kusalimiana kwa mkono na jirani, 5. Kuhesabu noti chakavu za sokoni, 6. Kushika bomba la daladala mpaka kituo cha mwisho, 8. Juu kabisa, kuweka kitandani mkoba uliogusa sakafu ya choo cha shule. Hiyo aliandika 10, akaongeza kwa penseli, "hapana mama."

Mnaanzia chini, na mtoto ndiye anachagua lini apande. Ukimsukuma kwenye 8 siku ya kwanza, umempoteza. Tulipanga kila siku saa kumi na moja jioni, kabla ya kupika. Anashika geti kwa kiganja kizima, si kwa ncha ya kidole. Tunakaa kwenye kibaraza. Kila dakika tano namuuliza namba. Simfariji, simpi simu asahau, kwa maana akisahau hofu hajifunzi kwamba hofu inavumilika. Siku ya kwanza ilianza 7, ingawa aliandika 4. Baada ya dakika ishirini na tano ikawa 3. Siku ya pili ikaanza 5. Siku ya sita alishika geti huku akinisimulia habari za mwalimu wao, hakungoja nimuulize namba.

Zipo siku hofu haishuki. Jioni moja noti za sokoni zilianza 8 zikabaki 8, tukala, akalala na 5. Nilidhani tumeharibu. Asubuhi nilipomuuliza akasema alisahau. Mtaalamu akanieleza kwamba kushuka si lazima. Mtoto anahitaji kuona kwamba alikaa na hofu yake na dunia haikuanguka.

Hatumfundishi uchafu. Kunawa baada ya choo, kabla ya kula, sekunde ishirini, sabuni mara moja, basi. Kanuni hiyo tuliibandika ukutani juu ya beseni. Ukiona amebuni kitendo kingine badala ya kunawa, kama kujifuta kwenye sketi au kuomba kimyakimya, kiingize nacho kwenye ngazi, maana Kunguru ameingilia dirishani. Na mpe zawadi kwa kujaribu, hata asipofaulu. Kwetu ilikuwa mishkaki miwili Jumamosi.

Dawa

Nilikuwa nazipinga, nikabadilika. Mwaka 2004 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 112 wa miaka 7 hadi 17. Waliopata tiba ya mazungumzo pamoja na dawa ya sertralini, asilimia 53.6 dalili zao zilikaribia kwisha. Tiba ya mazungumzo peke yake, 39.3, dawa peke yake, 21.4, na waliopewa kidonge kisicho na dawa, 3.6. Mimi nalisoma hivi: ukimpata mtaalamu wa ngazi, anza na ngazi, hali ikiwa nzito au ngazi haipandiki, ongeza dawa bila aibu. Fluoksetini hutumika pia. Huchukua wiki nane mpaka kumi na mbili kuonyesha kazi yake kamili, kwa hiyo usiache wiki ya tatu ukisema haifanyi kitu. Hazimfanyi mtoto kuwa teja, ila zisikatishwe ghafla. Wiki za mwanzo mtazame kwa karibu. Akikosa utulivu isivyo kawaida, au akaanza kusema habari za kufa, mrudishe kwa daktari mara moja.

Shule

Nenda kwa mwalimu wa darasa mwenyewe, usitume barua. Mueleze kwa mfano mmoja: akifuta neno mara kumi hafanyi utundu. Omba vitu vitatu vidogo: asichapwe kwa kuchelewa kumaliza, asiambiwe aandike upya kazi isiyo na mistari mizuri, na akiomba ruhusa ya choo mara ya tatu ndani ya kipindi aambiwe kwa upole asubiri. Hilo la tatu walimu wanashangaa, wanadhani huruma ni kumruhusu.

Kuhusu bweni, msimamo wangu ni mkali: asiende mpaka awe ametulia mwaka mzima. Bwenini hakuna wa kukaa naye kibarazani.

Dini

Ugonjwa huu unapenda kuvaa kanzu. Mwambie shehe, padri au mchungaji kabla mtoto hajamfikia, ili naye asiwe mtu wa kujibu maswali yasiyoisha. Kwa Waislamu kanuni ipo tayari: yakini haiondolewi na shaka, na katika udhu kiungo hakioshwi zaidi ya mara tatu. Kwa Wakatoliki, mtoto awe na padri mmoja tu wa kuungama, na akiambiwa usirudie dhambi iliyokwisha kuungamwa, atii. Sisi ni Walutheri wa KKKT. Mchungaji wetu alimwambia binti yangu kwamba Martin Luther, alipokuwa mtawa kijana, aliungama kwa saa nyingi mfululizo akiogopa amesahau dhambi moja. Mtoto alitoka ofisini pale amesimama wima kuliko alivyoingia.

Maombi tumefanya na tunaendelea. Maombi hayakatazi kliniki.

Usisubiri kliniki ya wiki ijayo

Akisema anataka kufa, hata kwa utani. Akiacha kula au kunywa kwa kuogopa uchafu. Au kama mtoto aliyekuwa mzima amebadilika ndani ya siku moja au mbili, pengine baada ya kuumwa koo au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mikono iliyopasuka ipake mafuta ya mgando usiku, mvalishe soksi safi za pamba mikononi, na ikivimba au kutoa usaha ionwe na daktari.

Ikirudi

Huwa inarudi. Kwetu ilirudi Agosti 2024, wiki chache kabla ya mtihani wa darasa la saba. Haikurudi kwenye mikono. Ilirudi kwenye maandishi. Nilikuta vumbi la ufutio mezani, kisha shimo kwenye daftari la Hisabati. Jioni ile ile tukachora ngazi mpya: kuandika sentensi moja na kosa moja la makusudi, bila kufuta, alama 3, ukurasa mzima kwa kalamu ya wino, 6, kukabidhi daftari kwa mwalimu bila kulikagua, 9. Ufutio akanipa mwenyewe. Mpaka leo uko kwenye kopo la chumvi jikoni, na mtihani wa Septemba aliufanya bila kuutaka ufutio huo.

Mwaka uliofuata aliingia kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Daftari la Kunguru liko kabatini na kurasa kumi na moja hazijaandikwa, na anajua lilipo.